Nikitoa nataka nionekane, nikiacha kutoa sina amani

Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 43, nimeolewa, tuna watoto watatu. Nina duka la vifaa vya ujenzi katika mji mdogo huku Kaskazini: saruji, nondo, bati, misumari, rangi. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, naimba kwaya ya akina mama, na usharika wetu una mwaka wa nne sasa unajenga kanisa jipya.

Mwezi wa pili, baada ya ibada, tulikuwa na mnada wa sadaka za mazao pale nje kama kawaida. Bibi mmoja alikuwa ameleta jogoo mwekundu. Bei ilianza elfu kumi, kijana mmoja akasema 15, mwingine 20. Mimi nilikuwa sina haja na jogoo. Mara mama mmoja ambaye yeye na mimi hatuivi chungu kimoja akasema 30. Sijui nilipandwa na nini, nikasema 40. Tukapandishana hivyo mpaka nikafika 85,000, akanyamaza. Mzee aliyekuwa akinadi akarusha mikono juu, vigelegele vikapigwa. Nikatoa fedha taslimu palepale, nikasema jogoo arudi anadiwe upya. Vigelegele vikazidi. Nilirudi nyumbani kichwa kikubwa.

Jioni yule bibi akaja kwangu kwa miguu. Akanishika mikono yote miwili, akasema, "Umemheshimisha kuku wangu, mwanangu." Usiku ule sikupata usingizi, maana nilijua moyoni kwamba sikumheshimisha kuku wala Mungu. Nilikuwa namkomoa mtu.

Tangu siku ile, kila ninachogusa nakiona kinanuka. Kwenye harambee ya mwaka jana niliahidi mifuko 100 ya saruji, jina langu likasomwa la pili. Nimepeleka 60. Kamati pia hununua kwangu vifaa vingine, wakati mwingine kwa mali kauli, na sasa sijui kama niliahidi kwa ajili ya Bwana au kwa ajili ya wateja.

Hata nilichofanya kwa siri hakikupona. Kuna binti wa kwaya ya vijana nilimlipia ada ya chuo cha ufundi, muhula mzima, nikamwomba mkuu wa chuo asinitaje. Mama yake hajui hadi leo. Juzi alinipita sokoni, salamu yake ikawa ya juu juu tu, nami nikachemka ndani: "Angejua huyu!" Kumbe siri yangu ilikuwa inasubiri kupasuka.

Basi nikaamua kuacha mpaka moyo wangu utakasike. Ni miezi mitatu sijapeleka bahasha, ile mifuko 40 bado iko kwangu, kwaya nakwenda kwa kuruka. Nilitegemea nitapata amani. Sijaipata.

Na sasa mchungaji ameniambia nimependekezwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Mume wangu anasema nikubali, tutaheshimika na biashara itapanda. Maneno hayohayo ndiyo yanayonitisha. Rafiki yangu wa jumuiya anasema nikatae, Mungu hapokei sadaka ya mnafiki. Nifanyeje? Na nitajuaje kwamba nia yangu imekuwa safi?

Mama wa Jogoo, Kaskazini

JIBU

Amina, dada yangu. Pole kwa usingizi uliopotea.

Nianze kwa kurudia nilichokisikia. Naona umefunga mambo matatu kwenye mfuko mmoja: jogoo, mifuko 40 na kiti cha kamati. Yote matatu umeyapa dawa moja, kusubiri moyo utakasike kwanza. Ninavyoona mimi hayafanani, na huenda ndiyo maana dawa hiyo miezi mitatu haijakushika.

La jogoo ndilo jepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu wewe mwenyewe umeshalitaja kwa jina lake: ulikuwa unamkomoa mama yule. Hiyo ni dhambi yenye anwani. Ulipokuwa darasa la kipaimara ulijifunza Katekisimo Ndogo ya Martin Luther. Sehemu ya maungamo inasema mbele za Mungu tujikiri wakosaji wa dhambi zote, hata zile tusizozijua, bali mbele ya mchungaji tuungame zile tu tunazozijua na kuzisikia moyoni. Soma hilo tena polepole. Ya mnada unaijua, iungame, usikie msamaha ukitamkwa kwa sauti. Lakini "kila ninachogusa kinanuka" si dhambi unayoijua. Ni ukungu tu, na Katekisimo haikutumi kuuchambua ukungu.

Kuhusu mama mwenyewe, nikutahadharishe kidogo. Watu wengi wakishaungama hukimbilia kwa mhusika na kummwagia kila kitu: "Dada, siku ile nilikuwa nakuonea wivu, nisamehe." Kama yeye hakujua, umemtwisha mzigo mpya, na kuna uwezekano mkubwa kwamba umefungua mnada mwingine, safari hii wa unyenyekevu. Anza na salamu kamili, ya kusimama na kuulizia watoto. Na kama kuna jambo halisi mnalodaiana, hilo ndilo mlikalie kitako.

Sasa nikuulize juu ya lile wazo la kusubiri. Unadhani nia husafika ikikaa pembeni bila kufanya kitu? Wewe unauza saruji. Unajua mfuko uliokaa stoo miezi mitatu penye unyevu unakuwaje: unashika mabonge, na zege lake halina nguvu. Kukaa hakukuuboresha. Hata hiyo miezi mitatu yako haikuwa mitupu, maana nafasi ya kutoa imechukuliwa na kujitazama. Kuna mtawa wa karne ya 5, John Cassian, aliyeifananisha tamaa ya sifa na kitunguu: ukimenya ganda moja unakuta jingine chini yake. Watawa wa zamani waliligundua jambo hili mapema. Mtu akifunga mbele ya watu anajivuna, akila ili asijulikane kwamba anafunga anajivunia busara yake, na akijikamata anajivuna anajisifu kwa kujikamata. Kwa hiyo kama unangoja siku utakapomenya ganda la mwisho ndipo utoe, sioni utatoa lini.

Sisemi usijichunguze. Nasema kujichunguza kuwe na saa yake. Duka lako hulifungi kila nusu saa uhesabu mali. Unahesabu siku uliyopanga, siku nyingine unauza. Fanya hivyo na moyo: jioni dakika kumi, ukianza na Zaburi 139, mstari wa 23, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Ona anayeombwa kuchunguza ni nani. Kikijitokeza kitu chenye jina, kiombee msamaha. Kisipojitokeza, funga Biblia ulale. Mawazo yakikurudia mchana mezani pa duka, yaambie yasubiri jioni. Na kama kukosa usingizi kumezidi wiki mbili tatu na chakula hakipandi, mwone pia daktari. Si kila uzito wa usiku ni wa kiroho.

Nilivutiwa sana na habari ya binti na ada, kuliko hata ya jogoo. Umesema kwamba hata siri haikupona. Turudi Mathayo 6. Bwana Yesu hakusema tu jirani asijue, alisema "hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume." Mkono wa kushoto ni wa nani? Ni wako mwenyewe. Mkuu wa chuo alitunza siri yake vizuri. Aliyeshindwa kuitunza ni mkono wako wa kushoto, ulioliandika jina la mama wa yule binti kwenye daftari la madeni bila mwenyewe kujua, na alipopita sokoni ukamdai. Ile hasira ya "angejua huyu!" inakuonyesha ukurasa lilipoandikwa deni.

Dawa yake unaijua kibiashara: deni lililosamehewa hukatwa mstari. Wazo hilo likija, mtaje yule mama kwa jina katika sala fupi, hata ukiwa unapima misumari: "Bwana, simdai, mbariki." Litarudi tena. Likate tena. Na pengine mama wa watu siku ile alikuwa na jino linamuuma.

Kuna jambo jingine katika sura hiyohiyo linalomfaa mwenye duka. Pale inaposemwa wanaotoa ili watukuzwe na watu "wamekwisha kupata thawabu yao," neno la Kigiriki lililotumika ni lile lililokuwa likiandikwa kwenye stakabadhi za biashara za zama zile, kwamba fedha yote imepokewa. Hesabu imefungwa, hakuna baki. Kwa hiyo vigelegele vya siku ile vilikuwa malipo kamili, na ulivipokea. Lakini usisahau kwamba fedha yenyewe iliingia kanisani. Paulo aliwahi kuandika toka kifungoni kwamba wengine wanamhubiri Kristo kwa husuda na fitina, naye akasema almradi Kristo anahubiriwa anafurahi (Wafilipi 1). Hakuisifia nia yao, ila hakuitupa kazi pamoja na nia. Rafiki yako wa jumuiya anakupenda, lakini kwenye kipimo chake naona amepita hapa mbiombio.

Tuje kwenye vitendo. Ukisimama tena mnadani, kabla hujafungua mdomo jiulize jambo moja tu: kama kiasi hiki kingetangazwa kwa jina la mtu mwingine, ningetoa ngapi? Jibu likija 30,000, taja 30,000 na unyamaze, hata kama jogoo atakwenda kwa mwingine. Zile 55,000 zilizobaki kufikia 85,000 za siku ile zitie kapuni Jumapili inayofuata bila jina. Ukiona mkono unakuwa mzito kuzitia kapuni, utakuwa umeelewa kitu bila kujitesa usiku kucha.

Na "bila jina" lina ufundi wake. Bahasha yenye namba yako si siri. Mhazini na wazee wanaohesabu wanaijua, na hilo halina ubaya, hesabu za usharika zinaihitaji. Ukituma kwa simu, jina lako linatokea kwenye ujumbe. Sadaka ya siri kweli ni noti zisizo na maelezo katika kapu la sadaka ya kawaida, na ziwe kiasi kisichoshtua. Ukitupia laki tano kwa mkupuo, kwenye matangazo watasema aliyetoa ajitokeze aombewe, nawe utakaa kwenye benchi unapigana na miguu yako. Elfu ishirini kila Jumapili hazimshtui mtu. Ila usimfiche mumeo: kubalianeni kiasi cha mwezi ambacho kila mmoja anaweza kukitoa bila kutoa taarifa. Kitoke kwenye fungu hilo, si droo ya duka, la sivyo mahesabu yatapungua na siri itageuka ugomvi.

Lakini siri si sheria ya kila kitu. Yesu yuleyule, sura moja nyuma, alisema nuru yenu iangaze mbele ya watu, wayaone matendo yenu mema, wamtukuze Baba. Harambee ina faida yake: mtu akisikia jirani ameahidi, naye hupata moyo. Barnaba aliuza shamba, akaweka fedha miguuni pa mitume, na jina lake limeandikwa (Matendo 4). Sura inayofuata ni ya Anania na mkewe Safira, waliouza shamba wakaficha sehemu ya fedha, na Petro alimwambia Anania waziwazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuuzwa fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lilikuwa kuonyesha sehemu kana kwamba ni yote. Hapo ndipo mifuko yako 40 inaponipa wasiwasi kuliko jogoo. Kitabu cha usharika kinasema 100. Hilo si suala la hisia tena, ni neno ulilolitoa.

Kuhusu kiti, naona njia kadhaa na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kukataa. Utapumzika, na pengine mtu mwenye kupigana na nafsi yake anahitaji mwaka wa kukaa kimya. Lakini jiulize unakataa kwa ajili ya nani. Ukikataa ili usije ukaitwa mnafiki, bado watu ndio wameamua.

Unaweza kukubali na kuendelea kuliuzia kanisa. Hapa nia safi haitoshi, hata ukiwa nayo. Vitu vinavyopaswa kuwepo ni vya karatasi: bei za maandishi kutoka maduka matatu kwa kila manunuzi makubwa, wewe kutoka nje ya chumba duka lako linapojadiliwa, na muhtasari uandike kwamba ulitoka, mifuko ihesabiwe eneo la ujenzi na mtu asiye wa kwako, asaini hati ya kupokelea, na usiwe miongoni mwa wanaosaini hundi. Mali kauli ikome kabisa, maana kanisa linalodaiwa na mwenyekiti wake haliwezi kununua kwingine kwa uhuru. Paulo naye hakuuachia moyo wake peke yake mchango wa kuwasaidia waumini maskini wa Yerusalemu. Alitaka waliotumwa pamoja na Tito wawepo, mtu asije akapata la kulaumu, akaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia (2 Wakorintho 8). Hata hivyo, ujue utasemwa. Mwenyekiti anayeuza saruji kwa kamati yake husemwa hata akiuza kwa hasara.

Unaweza kukubali na kusitisha biashara na kanisa kwa muda wote wa uongozi. Hiyo huziba midomo mingi, lakini pato litapungua, na mumeo lazima aridhie kabla, si baada. Hatari ya ndani ni kuanza kulihesabia kanisa ulichokikosa. Daftari lile la madeni tena.

Au uombe kuwa mjumbe wa kawaida. Kamati nyingi za ujenzi huwa na watu wa kusimama mbele na hukosa mtu anayeweza kuishika nondo na kusema hii si milimita 12. Wewe unaweza. Kasoro yake ni kwamba kama mchungaji ameona kwako uwezo wa kuongoza, utakuwa umeuficha. Muulize moja kwa moja: "Mchungaji, mmenipendekeza kwa sababu ya mfuko wangu au kwa sababu ya kazi?" Si utovu wa adabu, na jibu litakusaidia kuliko ushauri wangu. Unaweza hata kuomba kipindi cha mwaka mmoja kwanza. Mimi siwezi kukuchagulia, sijaketi na kamati yenu wala sijaona vitabu vya duka lako.

Usimhesabie mumeo kuwa ni mtu wa dunia kwa kusema biashara itapanda. Amesema kwa sauti jambo ambalo hata wewe umelifikiria, na linaloongeleka linaweza kuwekewa mpaka. Muulize: "Na isipopanda? Tukilazimika kuacha kuwauzia?" Jibu lake nalo litakuonyesha njia ipi kati ya hizi inawezekana nyumbani kwenu.

Ile mifuko 40 haihitaji kusubiri uamuzi wa kiti. Muulize fundi wanamwaga zege la linta lini, maana kuirundika kwenye stoo ya kanisa isiyo na chaga ni kuiharibu. Kama duka linabana, peleka kumi kumi, kila wiki na hati yake, bila tangazo. Kama iliyopo imeshaanza kushika mabonge, usiipeleke hiyo, peleka mipya.

Na yule bibi akija tena kukushukuru, mpe kiti na chai. Usimweleze lolote kuhusu nia yako. Mwulizie kuku wake wanaendeleaje.